Kupiga Picha ya Kinyonga Bila Kumshika

Kazi yangu ni ukarani wa serikali hapa Machakos, na tangu Jumatatu hata Ijumaa macho yangu huona mafaili tu. Jumamosi huyapumzisha kwa kupiga picha za vinyonga walio katika ua wa boma letu, chini ya vilima vya Iveti. Wenzangu wa ofisini hunicheka, maana kwao kinyonga ni mnyama wa nuksi.

Chuki hiyo ina asili yake. Wazee wa Ukambani husimulia ya kuwa Mungu alimtuma kinyonga kuwaambia wanadamu kwamba wakifa watafufuka. Akafika, lakini akashikwa na kigugumizi, na ndege aliyekuja nyuma yake akawahi kusema kwamba wakifa wamekufa. Basi lawama zote zikamwangukia mwenye kigugumizi. Ndege hatupiwi jiwe hata leo, jambo ambalo sijapata kulielewa.

Vinyonga wetu ni wa aina ya kawaida, wenye vipande viwili vya ngozi kisogoni mfano wa masikio. Watoto walitaka kumtia mmoja katika sanduku la waya wamfuge. Nilikataa, kwanza kwa kuwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Tena ufugaji huu una mambo yake: mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walipelekwa Hawaii kuuzwa wafugwe, wakatoka mikononi mwa watu, wakazaana, na sasa wanakula konokono na wadudu wa visiwa vile.

Sababu ya pili ni picha yenyewe. Kinyonga akishikwa hujivimbisha, hupanua kinywa na rangi yake hugeuka kuwa nyeusi. Picha nyingi za kinyonga kiganjani, ambazo watu huzisifu kwa rangi zake, ni picha za mnyama mwenye hofu. Wengi hudhani kwamba huiga rangi ya kitu alichokalia. Sivyo, hugeuka zaidi kwa hasira, kwa woga, kwa baridi na kwa jua. Mwaka 2015 wataalamu wa Geneva walieleza, kwa kuchunguza aina moja ya Madagaska, ya kuwa ndani ya ngozi mna chembe ndogo mno za fuwele, nazo zikikaribiana au kuachana mwanga unaorudi hubadilika.

Basi mimi huenda asubuhi, jua linapochomoza, wakati angali na baridi na ubavu wake mmoja umetiwa weusi ili uote jua. Husimama mbali kidogo, kwani ukimkaribia huzunguka nyuma ya kijiti na kukuachia vidole tu. Hulenga jicho. Lile jingine huenda linaangalia nzi upande wa pili, wala hilo si neno. Usiku humpata kwa urahisi zaidi, kwa kuwa hulala kwenye ncha ya tawi, naye huonekana mweupe katika mwanga wa tochi. Lakini simpigi picha wakati huo, nisije nikamwamsha.

Mwaka jana, baada ya mvua za kwanza za vuli, jike mmoja alishuka shambani akaanza kuchimba katika tuta la fanya juu. Alichimba saa nyingi, kichwa kikiwa chini, nami nilikuwa nimelala kifudifudi na kamera yangu. Kijana tuliyemwajiri kutengeneza tuta lililobomoka akaja na jembe. Alipomwona akaliinua. Nikamwomba angoje.

Mwaitu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Tangu tulipomzika baba, hakutaka kusikia habari za kinyonga. Nikamwonyesha picha.

Akazitazama moja moja. “Anachimba kaburi?”

“La, Mwaitu. Anataka kutaga mayai. Akimaliza atayafukia aende zake.”

“Hatayalinda?”

“Hayalindi. Yatakaa udongoni miezi mingi.”

Akanyamaza kitambo. Kisha akamwambia yule kijana aanzie kazi mwisho wa pili wa shamba. Jioni niliona mawe matatu yamewekwa kulizunguka lile shimo lililofukiwa. Mwenyewe bado hupita mbali, kando ya migomba.