Nilimwahidi Moyo wa Samaki

Mtoto wa jirani yangu hapa Namakwekwe aliacha sindano za penisilini kwa sababu ya maneno yangu. Mimi ni mwalimu wa bayolojia, na mtaani neno la mwalimu halipingwi.

Ugonjwa wa binti huyo, homa ya rumatiki, huanzia kooni. Streptokoki wakishambulia mara kwa mara, kinga ya mwili huchanganyikiwa ikaugeukia moyo na kuharibu vali. Zake ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kunenepa. Daktari aliagiza sindano kila wiki nne, kwa miaka. Inauma hasa, mtoto alikuwa akirudi anachechemea.

Mama yake akaniuliza, "Mwalimu, hakuna dawa nyingine?" Nikaanza kumsimulia samaki-pundamilia, kasamaki ka mito ya Asia Kusini, kadogo kama mukene. Kiinitete chake ni angavu: kwa hadubini unaona moyo ukidunda siku moja tu baada ya yai kurutubishwa. Mwaka 2002 watafiti wa Boston walichapisha habari kwamba walimkata kama sehemu ya tano ya ventrikali, chumba cha moyo kinachosukuma damu, na ndani ya miezi miwili ikaota upya. "Wakishaijua siri hiyo," nikasema, "moyo wa binti yako utajitengeneza." Akafurahi. Nami nikafurahia kusikilizwa.

Nilijua, na sikusema, kwamba kilichoota ni msuli uliokatwa. Kwa binti huyu zinazoumia ni vali, na kinachoziumiza ni kinga yake mwenyewe, kila maambukizi ya koo yanaporudi. Samaki huyo ana vyumba viwili vya moyo, sisi vinne; anafaa sana kuchunguzia jeni na kujaribia dawa, lakini homa ya rumatiki haimpati.

Tena nilitazama Boston, kumbe Gulu ni hapa hapa nchini kwetu. Utafiti wa huko uliotolewa 2021 ulifuata watoto zaidi ya 800 wenye dalili za mwanzo kama zake. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa 0.8% ya waliochomwa sindano, na 8.2% ya wasiochomwa.

Mama alimsubiri samaki. Koo likarudi, magoti yakavimba, kipimo kikaonyesha damu inavuja kurudi nyuma kwenye vali. Nikaenda kwao nikaeleza yote mbele ya mumewe. "Kwa hiyo na shuleni mnawafundisha hivi?" mume akaniuliza.

Sindano zimeanza tena. Nauli ya kliniki natoa mimi. Mama huipokea mlangoni, kiti hanikaribishi.