MTOTO ANA HOMA: TUNAJUA AU TUNAKISIA? (Sehemu ya 4)

Mama zangu, na nyie kina baba mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, nawaona.

Leo naanzia mbali kidogo, mnivumilie. Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, amekuja kukaa kwangu hapa Namtumbo akijiandaa na usaili wa kuandika. Jioni nikitoka zamu namkuta na makaratasi mezani. Hesabu anaweza, Kiingereza anaweza, ila kuna maswali ya aina moja yanamtoa jasho. Unapewa maelezo mafupi, halafu kauli kadhaa, na unaulizwa: kwa maelezo haya tu, kauli hii ni kweli, si kweli, au taarifa hazitoshi? Majaribio ya namna hii si ya jana. Wamarekani wawili, Goodwin Watson na Edward Glaser, walitengeneza moja ambalo waajiri wa nchi nyingi wanalitumia mpaka leo. Lao lina majibu matano: kweli, huenda ni kweli, taarifa hazitoshi, huenda si kweli, si kweli.

Nikamtungia la kwetu, la wodini. Mwezi Machi kituo kimoja kililaza jumla ya watoto 12 wenye malaria. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akilala kwenye chandarua.

Kauli ya kwanza: familia za watoto hao hazina vyandarua. Kauli ya pili: mtoto aliyelazwa hapo mwezi huo na alikuwa akilala kwenye chandarua, hakulazwa kwa malaria.

Ya kwanza akasema kweli. Ya pili akasema taarifa hazitoshi. Yaani kinyume kabisa! Ya kwanza taarifa hazitoshi, kwa sababu kutolala kwenye chandarua si sawa na kutokuwa nacho. Sisi tunaopita majumbani tunavijua vyandarua vilivyozungushiwa bustani ya mchicha. Ya pili ndiyo kweli, tena lazima iwe kweli: kama wote wa malaria hawakuwa wakitumia chandarua, basi huyu aliyekuwa akitumia hayumo kati yao. Alilazwa kwa jambo jingine.

Nilimwambia hivi: ukiingia kwenye swali, unayoyajua ya mtaani yaache mlangoni kama viatu. Swali haliulizi unachokijua. Linauliza maneno haya yaliyoandikwa yanakulazimisha kukubali nini. Na ogopa kauli zenye "wote", "kamwe", "daima", "ndiyo sababu pekee", maana maelezo machache hayabebi mzigo mkubwa hivyo.

Sasa mtauliza, Sista, sisi wenye watoto mgongoni tunahusikaje na usaili? Mnahusika sana, tena kuliko yule binti. Yeye akikosa anakosa ajira, ataomba nyingine.

Kuna mama mmoja (jina nalihifadhi, na kijiji sikitaji) mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa msimu wa mvua. Kaka yake mtoto alikuwa amepimwa wiki ileile na kukutwa na malaria. Mama akampeleka mdogo, kikatolewa kidole, kipimo cha haraka kikasema hana. Akaambiwa arudi kama homa haitatulia. Mama akawaza: homa ipo, mvua ipo, kaka yake anaumwa malaria, kwa hiyo kipimo kimekosea. Akanunua dawa mseto akaanza kumpa. Siku ya tatu mtoto analetwa kifua kinaingia ndani kila akivuta pumzi. Ilikuwa nimonia. Alikaa kwenye oksijeni, na namshukuru Mungu alitoka akitembea.

Simlaumu mama yule hata kidogo. Ukiangalia, hoja zake zote tatu zilikuwa za kweli. Ila zikijumlishwa zinatoa "huenda", yeye akazisoma kama "lazima". Na ile dawa ikampa utulivu wa moyo wa siku tatu ambao hakupaswa kuwa nao. Kwa maoni yangu hapo ndipo hatari ilipo, kwenye ule utulivu, kuliko hata kwenye dawa yenyewe.

Tukisome basi kile kipimo kama swali la usaili. Kipimo kinasema hana malaria. Je, inafuata kwamba mtoto haumwi? Hapana. Inafuata kwamba homa inaelekea kuwa na sababu nyingine, na hiyo sababu bado hatujaijua. Inaweza kuwa kifua, sikio, mkojo, au virusi tu vitakavyopita. Na kwa sababu hakuna kipimo kisichokosea kabisa, ndiyo maana tunasema homa ikiendelea siku mbili tatu, rudi tupime tena.

Na upande wa pili, ambao wengi hawaujui. Mtoto amemaliza dozi yake ya dawa mseto, mara sita kwa siku tatu, akapona. Baada ya wiki mbili anapata mafua na homa, anapimwa, kipimo kinasema ana malaria. Dawa haikufanya kazi? Taarifa hazitoshi! Vipimo vingi vya haraka tunavyotumia havitafuti mdudu mwenyewe, vinatafuta protini anayoiacha kwenye damu, na protini hiyo inaweza kubaki kwa wiki kadhaa baada ya wadudu kufa. Ni kama kukuta majivu ya moto, hujui moto ulizimwa lini. Kwa hiyo mwambie mhudumu kwamba mtoto alitibiwa tarehe fulani, ili damu iangaliwe kwa darubini. Usiponiambia, mimi nami nitasoma swali lenye mstari uliofutwa.

Hata muuzaji wa duka la dawa muhimu anahitaji mstari huo. Na maduka hayo, kama hamjui, yalijaribiwa kwanza hapa kwetu Ruvuma mwaka 2003 kabla ya kusambaa nchini. Tuyatumie vizuri.

Lakini wodi na chumba cha usaili vinaachana mahali pamoja. Kwenye usaili, ukishaandika "taarifa hazitoshi" umemaliza, unageuza karatasi. Nyumbani ndiyo kwanza kazi inaanza. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua uhesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni nyingi mno. Miezi miwili hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Hapo umeongeza mstari kwenye maelezo, na jibu linaweza kubadilika.

Na kuna wakati hatusubiri jibu. Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki, au kifua kinaingia ndani anapopumua: mwite bodaboda, ni usiku au ni mchana. Hapo simuulizi mtu kama ana uhakika ni ugonjwa gani. Wapo watakaosema degedege ni mambo ya kienyeji, mengine yatajadiliwa mtoto akiwa salama kitandani.

Mdogo wangu sasa anapata nane kati ya kumi. Mbili anazokosa bado ni zile za mambo anayoyajua vizuri.

Haya, zamu yenu. Kadi ya kliniki ya mtoto wa miezi saba inaonyesha uzito wa miezi minne mfululizo: kilo 6.6, 7.0, 7.0, 7.0. Kauli ya kwanza: mtoto amepungua uzito. Ya pili: vipimo vitatu vya mwisho havionyeshi ongezeko. Ya tatu: maziwa ya mama hayatoshi. Kweli, si kweli, au taarifa hazitoshi? Na mniambie pia, ungekuwa wewe ndiye nesi, ungemuuliza mama swali gani la kwanza. Jibu nitaweka Jumamosi nikitoka zamu ya usiku.

Bibi mkwe anayejua kusoma kadi, naye anaruhusiwa kujibu.