Alimpiga Mboko, Sasa Yuko Wapi?

Msimu wa tenisi ya wanawake umeisha, wasee. Juzi kule Riyadh Elena Rybakina amemchapa Aryna Sabalenka 6-3, 7-6 na kurudi nyumbani na zaidi ya dola milioni tano, kwa kazi ya wiki moja. Mimi nilikuwa naifuata hiyo fainali hapa Mai Mahiu na bando ya shilingi hamsini, na ikaisha kabla ya seti ya pili. Ndiyo maisha.

Niliwaahidi orodha ya mechi zilizonibamba zaidi mwaka huu. Leo nalipa deni. Lakini niwaonye mapema: mechi ya mwisho kwenye orodha haikuchezwa 2025, na ndiyo ilifanya nifute ile video yangu ya Agosti. Wengi mmeuliza ilienda wapi. Tutafika hapo.

Kwa wale wageni, najua swali lenu. Kijana wa Mai Mahiu na tenisi, wapi na wapi? Hapa kwetu ni barabara. Malori yanashuka mteremko breki zikinuka, makanga wa Narok wanaita watu, vumbi linakuingia hadi kwa meno. Mathe ana kibanda cha chai na chapati kando ya lami, na hiyo ndiyo ofisi yangu pia. Uwanja wa tenisi sijawahi kuuona hapa. Wa kwanza kuuona kwa macho yangu ulikuwa Nakuru mjini, na niliuona nikiwa nje ya ua. Tenisi nimeijulia kwa simu, na mara nyingi si hata video. Ni namba tu zinabadilika kwenye skrini, 15-0, 30-0, 30-15, halafu picha unajaza mwenyewe kichwani.

Sawa. Twende kazi.

Moja: Keys na Sabalenka, Melbourne, Januari

Madison Keys alicheza fainali yake ya kwanza kubwa mwaka 2017, kule New York, na Sloane Stephens akamchapa 6-3, 6-0. Akangoja zaidi ya miaka saba kurudi kwenye fainali nyingine kama hiyo. Mwaka huu, akiwa na miaka 29, alimtoa Iga Swiatek kwenye nusu fainali baada ya kuwa pointi moja tu kutoka kutolewa yeye. Taibreki ya mwisho iliisha 10-8. Kisha kwenye fainali akampiga Sabalenka, namba moja wa dunia, 6-3, 2-6, 7-5. Miaka 29 kwenye tenisi ni kama mzee wa mtaa. Hiyo ilinishika.

Mbili: Eala na Swiatek, Miami, Machi

Alexandra Eala ni msichana wa Ufilipino. Alikuwa na miaka 19, namba 140 duniani, na aliingia Miami kwa tiketi ya mwaliko. Alimtoa Ostapenko, akamtoa Keys, halafu Swiatek 6-2, 7-5. Watatu wote wameshinda Grand Slam. Shikilia hilo neno, tiketi ya mwaliko. Tutalirudia.

Tatu: Swiatek na Anisimova, Wimbledon, Julai

6-0, 6-0. Fainali ya Wimbledon, dakika 57. Mara ya mwisho fainali ya wanawake pale kuisha hivyo ilikuwa 1911. Siwezi danganya, nilicheka. Mtandao wote ulicheka. Amanda Anisimova alilia mbele ya dunia nzima, na watu wakatengeneza picha za utani kabla hajatoka uwanjani.

Hata miezi miwili haikuisha. US Open, robo fainali, wakakutana tena. Anisimova akashinda 6-4, 6-3 na akaenda hadi fainali. Wale wa picha za utani sikuwasikia tena.

Nne: Mboko na Osaka, Montreal, Agosti

Hii sasa ndiyo mechi yangu ya mwaka.

Victoria Mboko ni wa Kanada. Alizaliwa Marekani, wazazi wake wametoka Kongo. Alianza 2025 akiwa nje ya 300 bora duniani, akicheza mashindano madogo ambayo hakuna mtu anatazama. Mwezi wa Mei kule Roma alikutana na Coco Gauff, akachukua seti ya kwanza, halafu akachapwa. Montreal akapewa tiketi ya mwaliko. Akakutana na Gauff tena: 6-1, 6-4. Gauff ndiye alikuwa bingwa wa Ufaransa wakati huo!

Nusu fainali alicheza na Rybakina. Akaanguka, mkono ukaumia, akawa pointi moja kutoka kutolewa, na bado akashinda: 1-6, 7-5, 7-6.

Fainali ilianza saa za huku zikiwa usiku wa manane. Nilikuwa kwa kibanda kwa sababu malori hayalali na mathe alikuwa na wateja. Kulikuwa na dereva mmoja wa trela, jamaa wa Kongo, anangoja mwenzake. Akaniona nimekodolea simu, akauliza ni nini. Nikamwambia jina. Akaweka kikombe chini.

"Mboko? Huyu ni mutoto ya kwetu!"

Kuanzia hapo tukawa wawili. Osaka akachukua seti ya kwanza 6-2, na jamaa akanyamaza kabisa. Ya pili Mboko 6-4. Ya tatu 6-1. Dereva akapiga meza, chai ikamwagika, mathe akatoka nje na mwiko.

"Nyinyi mnapigana?"

"Hapana, Mum. Ni tenisi."

"Tenisi gani saa tisa usiku?"

Mboko alikuwa na miaka 18. Kwenye mashindano hayo alipiga mabingwa wanne wa Grand Slam: Kenin, Gauff, Rybakina, Osaka. Msimu ameumaliza ndani ya 20 bora duniani.

Asubuhi, bila kulala, nikafanya kile watu wa kazi yangu hufanya. Nikatafuta upande wa Kenya kwenye hiyo stori. Na ulikuwepo.

Tano: Wimbledon ya vijana, Julai 2022

Fainali ya wasichana, wawili wawili. Upande mmoja Mboko na Mkanada mwenzake Kayla Cross. Upande wa pili Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Seti ya kwanza ikaenda Kanada, 6-3. Ya pili Angella na Rose wakachukua 6-4. Ikaamuliwa kwa taibreki ndefu, ile ya kwanza kufika kumi lakini uwe mbele kwa mbili. Iliisha 11-9. Angella akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam, la vijana.

Mnajua historia yake. Mama yake alifariki akijifungua yeye na pacha wake. Shosho ndiye aliwalea, akifanya usafi kwenye shule moja Nairobi, na ni kwenye viwanja vya shule hiyo Angella alishika raketi akiwa na miaka minne. Mwezi ule alipobeba kikombe London, mimi nilikuwa nyumbani nikingoja kuingia chuo. Niliona picha yake nikasema, huyu ni rika langu, sisi wote tunaanza sasa.

Basi, Agosti hii nikatengeneza video. Picha ya Angella na kombe, picha ya Mboko na kombe la Montreal, na maandishi makubwa mekundu: ALIMPIGA MBOKO, SASA YUKO WAPI? Nikaweka muziki wa huzuni. Ile video ilienda kuliko kitu chochote nimewahi kutengeneza. Na chini yake watu wakaanza: Wakenya tunazima haraka. Alipotea. Alikuwa wa msimu mmoja. Nilikuwa nasoma nikifurahia namba zinapanda.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na ruracio ya binamu yangu. Nimekaa na sahani ya pilau, anti mmoja akakaa karibu, akaniangalia juu chini.

"Na wewe? Si ulikuwa chuo? Sasa uko wapi?"

Kwa wale hawajui, niliacha chuo mwaka wa pili. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 pale Kamuchiri, pesa ya karo iligeuka pesa ya mabati na ya mazishi ya watu wetu. Nikasema nitarudi muhula unaofuata. Muhula ukapita, na mwingine. Hakuna siku niliamka nikaamua kuacha.

Anti hakuwa na ubaya. Lakini nilisikia lile swali kwa sauti yangu. Ni mimi niliandika yale maneno mekundu.

Nikarudi nyumbani nikafanya kazi ambayo nilipaswa kufanya kabla ya video. Angella yuko wapi? Alienda Auburn University, Alabama, kusoma na kucheza tenisi ya vyuo. Machi 2024, kwenye Michezo ya Afrika kule Accra, alimtoa Mayar Sherif wa Misri kwa seti tatu, mchezaji aliyekuwa ndani ya 100 bora duniani, kisha akashinda dhahabu. Huyo ndiye mtu nilikuwa namwekea muziki wa huzuni.

Halafu angalia ngazi. Mboko ana bidii, hakuna mtu atakataa. Lakini Kanada ina kituo cha taifa cha mazoezi huko huko Montreal. Kocha wake mwaka huu, Nathalie Tauziat, aliwahi kucheza fainali ya Wimbledon mwaka 1998. Na Kanada ina mashindano makubwa ya WTA, kwa hivyo kijana wao wa nyumbani anaweza kupewa mwaliko. Tiketi kama ile ya Eala. Hapa Afrika Mashariki hatuna mashindano ya WTA. Hatuna tiketi ya kumpa mtu.

Ukikosa tiketi, unaanzia chini kabisa. Kuna mashindano yanaitwa W15, kwa sababu zawadi yote ni dola 15,000, na hiyo inagawanywa kwa wachezaji wote. Bingwa mwenyewe anaondoka na dola elfu mbili na kitu. Ukitolewa raundi ya kwanza, hiyo pesa hailipi hata ndege. Sasa piga hesabu ya Mkenya: ndege, viza, hoteli, chakula, kocha, nyuzi za raketi, wiki baada ya wiki. Chuo cha Marekani kinakupa kocha, viwanja, mashindano na digrii juu yake. Danielle Collins alipitia vyuo, akacheza fainali ya Australia 2022 na kushinda Miami 2024. Kwa hivyo kusema Angella alipotea ni kuangalia mtu anapanda ngazi nyingine halafu kulalamika humuoni kwenye ile yako.

Na cheki hii. Ile 11-9 ya 2022, Mboko ndiye alipoteza. Alikuwa na miaka 15. Kama mtu wa Kanada angetengeneza video siku ile, angeandika nini?

Sisemi uache chuo. Ukipata njia ya kukaa, kaa. Mimi bado nina barua yangu ya chuo kwenye bahasha, chini ya godoro, na kila mwezi ninaweka kitu kidogo kando. Labda nitarudi, labda nitapitia mlango mwingine. Na sisemi tusikosoe wachezaji wetu. Mtu akicheza vibaya, sema amecheza vibaya. Ninachokataa ni lile swali la yuko wapi, tunalouliza bila kutaka jibu. Jibu la Angella lilinichukua dakika kumi kulipata. Sikulitafuta kwa sababu swali lilikuwa linalipa kuliko jibu.

Ndiyo maana nilifuta video. Nilipoteza wafuasi kidogo, na mshkaji wangu mmoja akaniita mjinga, kwamba hiyo ndiyo ilikuwa video ya kunitoa. Inawezekana. Lakini msimu wa 2026 nitafuata matokeo ya Angella wiki kwa wiki, hata akiwa amepoteza raundi ya kwanza mji ambao siwezi kutamka, na nitawaletea. Mkitaka muziki wa huzuni, tafuteni kwingine.

Haya, niambieni mechi yenu ya mwaka. Na mkikutana na mtu mlisoma naye, muulizeni siku hizi anafanya nini, halafu mkae msikie.

Na anti, kama hii imekufikia: niko Mai Mahiu, kwa kibanda cha mathe. Pita siku moja. Chai ni juu yangu.