Chupa ni Ile Ile, Kilichomo Je?

Amepokea Imamu Bukhari kwamba Anas bin Malik (R.A.), mtumishi wa Mtume wetu (S.A.W.), alifuatana na bwana wake siku moja kwenda karamuni kwa fundi cherahani mmoja. Kikaletwa mkate wa shayiri na mchuzi uliotiwa mamung'unye na nyama iliyokaushwa. Anas akamwona Mtume akiyatafuta yale mamung'unye pembezoni mwa sahani, na tangu siku ile, kama alivyosema mwenyewe, hakuacha kuyapenda. Katika hadithi hii fupi mna jambo ambalo kila mwenye nyumba atalitambua: kwamba aghalabu hatukipendi chakula kwa ajili ya ulimi peke yake, bali twakipenda kwa ajili ya yule tuliyemwona akikipenda.

Nami ninacho chakula changu cha namna hiyo, ijapokuwa chaweza kumchekesha mtu kutajwa mahali hapa. Ni kile kitu cheusi cha kupaka mkate kiitwacho Marmite, kiuzwacho katika chupa ya tumbo yenye kifuniko cha manjano. Asiyekijua nitamweleza kwamba rangi yake ni ya lami, uzito wake ni wa asali, na chumvi yake ni kali sana. Marehemu baba yangu alifanya kazi ya upishi katika meli za mizigo, na huko ndiko alikokijulia. Kila alipotia nanga Mombasa alishuka na chupa moja mfukoni. Alitufundisha adabu ya kukila: siagi kwanza juu ya boflo la moto, kisha ncha ya kisu tu ya ule weusi, uenezwe mpaka mkate upate rangi ya chai ya maziwa. Atakayekiteka kwa kijiko kama jamu atakichukia maisha yake yote. Mama naye alikorogea kidogo katika uji wa mchele, akawapa wagonjwa waliokinai kila kitu.

Sisi watoto tuligawanyika makundi mawili, nusu tukakipenda na nusu wakakikimbia, na baba hakumlazimisha mtu. Katika hilo alifuata mwendo mwema. Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia chakula ila: akikitamani hula, asipokitamani hukiacha. Alipoletewa dhabbu, mnyama wa jangwani mfano wa guruguru, yeye hakumla kwa kuwa hakuzoeleka katika nchi ya jamaa zake, na Khalid bin Walid akamla mbele ya macho yake wala asikatazwe.

Kitu hiki hutengenezwa kwa hamira. Katika karne ya 19 mtaalamu wa Kijerumani, Justus von Liebig, aligundua kwamba hamira inayobaki katika viwanda vya bia yaweza kukazwa ikawa chakula cha kutiwa chupani. Mwaka 1902 ikaanzishwa kampuni ya kazi hiyo katika mji wa Burton upon Trent, Uingereza, mji wa viwanda vya bia, na hamira ikapatikana karibu, katika kiwanda cha Bass. Hamira ile hutiwa chumvi na kupashwa moto mpaka chembe zake zipasuke na kujiyeyusha zenyewe. Kisha maganda huchujwa, na maji yanayobaki hukaushwa mpaka yawe mazito. Hata jina lake ni neno la Kifaransa lenye maana ya chungu cha kupikia, na chungu hicho mtu hukiona kimechorwa juu ya karatasi ya chupa.

Wala si haki kutaja asili yake na kuisahau faida yake. Mwaka 1928 alifika India daktari wa kike wa Kiingereza, Lucy Wills, kuchunguza ugonjwa wa upungufu wa damu uliowapata wanawake wenye mimba mjini Bombay. Akaona kwamba waliodhurika zaidi ni wanawake maskini wa Kiislamu, na kwamba chakula chao ndicho kilichokuwa dhaifu kuliko cha wengine wote. Baada ya majaribio mengi akawatibu kwa kitu hiki hiki cheusi, wakapona, na mwaka 1931 akaitangaza habari hiyo kwa matabibu wenziwe. Hakujua bado ni nini kilichomo kinachoponya. Mwaka 1941 wataalamu wengine walikitoa katika majani ya spinachi, kikaitwa asidi ya foliki, na leo ndicho kilichomo katika vidonge wanavyopewa wake zetu kliniki wanapokuwa na mimba. Basi mama zetu wa Bombay wana sehemu yao katika elimu hiyo, nao hawatajwi kwa majina.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya baba kufariki, mjukuu mmoja wa mama alirudi kutoka masomoni, akaiona ile chupa juu ya meza. Kijana huyu ana pupa ya dini, na pupa hiyo ni neema kwa kijana. Akasema mbele ya watu kwamba kitu hicho ni machicha ya bia, na kwamba nyumba hii imekuwa ikila haramu tangu hapo. Mama hakumjibu. Aliifunika chupa, akaiweka kabatini, na kwa siku nyingi hakuigusa. Siku moja tulipokuwa peke yetu akaniuliza: "Mwanangu, wewe ndiye msomaji katika nyumba hii. Je, baba yenu alitulisha haramu?"

Mimi ni mwalimu wa chuo. Nasomesha watoto herufi, juzuu na nguzo za sala. Sikumjibu kwa rai yangu. Nilimwendea sheikh wetu, nikamweleza kisa chote. Akaanza na swali la marehemu, kwa kuwa ndilo lililomuumiza mama. Akasema kwamba mtu aliyekula na kulisha watoto wake kwa nia njema, asijue katika kitu ila uzuri wake, Mwenyezi Mungu hamshiki kwa jambo asilolikusudia, na hayo yamo katika Sura ya 33, aya ya 5. Tena haikuthibiti hata kwamba kitu chenyewe ni haramu. Kwa hivyo asiwepo mtu wa kulitia doa jina la maiti.

Kisha akanifafanulia masala yenyewe. Hamira, alisema, si kileo. Ni kiumbe kidogo mno kilicho hai, na sisi sote twakitia katika maandazi yetu. Kileo ni kile kinywaji. Lakini hamira iliyozama katika bia imeguswa na najisi, na hapo ndipo wanavyuoni wanapohitilafiana. Wako wasemao kwamba ikitengwa, ikasafishwa na kugeuzwa kuwa kitu kingine kabisa, hukumu yake ya kwanza imeondoka. Wako wasemao kwamba ni heri kuiacha, maana katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi mlango wa kugeuka kwa najisi kuwa tohara ni mwembamba, mvinyo hutoharika ukigeuka siki wenyewe bila ya kutiwa kitu, na siki hiyo Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa ni kitoweo chema. Kila kundi lina hoja yake, na Mwislamu afuate wale anaowaamini kwa elimu yao bila ya kuwatukana wengine.

Mwisho akaniuliza swali ambalo sikulitazamia: "Chupa ya wapi, na ya mwaka gani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niitafute habari ya kitu hiki, nikaona kwamba jina moja limebeba vitu vingi. Huko New Zealand kuna Marmite nyingine, itengenezwayo na kampuni ya Sanitarium, mali ya kanisa la Waadventista wasiokunywa pombe. Hiyo hutiwa sukari, na ladha yake si ya Burton. Kiwanda chake cha Christchurch kiliharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 2011, watu wakakikosa kitu hicho madukani mpaka kilipotoka tena mwaka 2013. Hata ile ya Burton si ile aliyoionja mtu wa mwaka 1902, kwani sasa huongezwa vitamini kwa makusudi, kama ile iitwayo B12.

Yako mageuzi mengine yanayomgusa Mwislamu zaidi. Mwaka 2007 ilitolewa Marmite ya muda, sehemu ya hamira yake ikiwa imetoka katika bia ya Guinness. Mwaka 2008 ikatolewa nyingine iliyotiwa mvinyo wa Champagne wenyewe, kidogo, lakini umetiwa kwa kukusudiwa. Katika hiyo hapana tena masala ya hamira na kusafishwa kwake. Chupa ni ya tumbo lile lile na jina ni lile lile, ila karatasi ndiyo inayosema, na asiyeisoma hajui.

Tena kuna Bovril, jirani yake katika rafu za duka, chupa yake nyeusi kama hii, ambayo asili yake ni kiini cha nyama ya ng'ombe. Mwaka 2004 wenye kiwanda waliiondoa nyama, wakatia hamira mahali pake. Mwaka 2006 wakairudisha nyama. Mtazame Mwislamu aliyeisoma karatasi mwaka 2005 akaona hamna nyama, akatulia, akaendelea kununua bila ya kutazama tena. Baada ya mwaka mmoja tu alikuwa akila nyama asiyojua imechinjwa na nani. Yeye hakubadilika, na duka lake halikubadilika. Kilichobadilika ni kitu alichodhani anakijua.

Na aliyekuwa na shaka kwamba kitu hiki na bia vimefungamana, mwaka 2020 ulimwondolea. Maradhi ya korona yalipofunga nyumba za ulevi, viwanda vya bia vilipunguza kazi, na hamira ikaadimika. Uingereza chupa kubwa za Marmite zilisimamishwa kwa muda, zikabaki zile za gramu 250. Na Afrika Kusini, ambako serikali ilipiga marufuku uuzaji wa pombe, Marmite ilikosekana madukani.

Nilimrudia mama na maneno ya sheikh. Alipolisikia lile la kwanza, juu ya baba, alinyamaza kitambo, kisha akasema Alhamdulillahi, na uso wake ukakunjuka. Juu ya lile la pili alisema kwamba yeye ni mtu mzima anayejitayarisha kwa safari, na hataki kula kitu ambacho wanavyuoni wanakibishania. Hilo ni shauri la uchaji, na mtu hulazimishi uchaji wake juu ya mwenziwe. Dada yangu, kwa mfano, yuko upande wa wanaoruhusu, na mama hakumkemea. Tukamtafutia mama chupa ya Vegemite, ya Australia, ambayo watengenezaji wake wamechukua cheti cha halali. Aliipaka juu ya siagi kwa ncha ya kisu, vile vile alivyofundishwa na mumewe. Akatafuna taratibu, akasema: "Ni ndugu yake, lakini siye." Kisha akaumaliza mkate. Yule mjukuu aliyekuwapo akamwomba radhi kwa namna alivyosema, akampa, na sasa yeye ndiye anayemnunulia.

Ndugu Waislamu, na khasa nyinyi vijana, nawausia mambo matatu yaliyo mepesi. La kwanza, someni karatasi ya chakula kila mnunuapo, si mara moja katika maisha. Aya ya 168 ya Sura ya pili inawaamrisha watu wale kilicho halali na kizuri, na amri hiyo ni ya leo kama ilivyokuwa ya jana. La pili, mkikuta jambo lenye shaka, kumbukeni kwamba Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa baina ya halali iliyo wazi na haramu iliyo wazi yako mambo yenye kutatiza, wasiyoyajua wengi katika watu, basi waulizeni wanaojua, wala msiwe wepesi wa kuharimisha wala wepesi wa kuhalalisha. La tatu, mkitaka kumwonya mzee wenu, mwonyeni kwa faragha na upole. Chakula kilichopo mezani kwake huenda kina kumbukumbu ya mtu aliyekufa, na mwenye kuiondoa sahani bila ya adabu huenda akauvunja moyo wake pia.

Mwenyezi Mungu atulishe vilivyo halali na vizuri, awarehemu wazee wetu waliotulisha kwa nia safi, na atupe elimu yenye manufaa pamoja na ulimi mwema wa kuifikisha. Amin.