Dar Alijua Poti, Kufika Moshi Akasahau Kila Kitu

Kuna mdada mmoja wa Tabata, mwanaye ana miaka miwili na miezi minne. Novemba nzima alikuwa anatamba status: pampasi kwaheri! Na kweli, mtoto akibanwa alikuwa anasema mwenyewe "mama kojo", analifuata poti lake la njano pembeni ya bafu, akimaliza anapigiwa makofi.

Desemba ikafika. Mume ni Mchaga, kwa hiyo mjadala hakuna, mnapanda basi mnaenda kwao. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda kukaa ukweni. Poti likabaki Dar. Mabegi yalishajaa zawadi za watu, na mume akasema kwani huko watoto hawajisaidii?

Sasa basi lina ratiba yake, kibofu cha mtoto hakina. Hata Chalinze hawajafika, dogo kasema kojo. Konda akajibu kuchimba dawa ni mbele huko. Mama akatoa pampasi, mtoto analia anaivua, maana mwezi mzima ameambiwa pampasi ni za watoto wadogo. Tuseme ukweli, hapo mtoto ndiye aliyekuwa na hoja.

Ukweni choo kipo nje, nyuma ya migomba, na tundu limekatwa kwa ajili ya watu wazima. Mtoto akachungulia lile giza, akapiga kelele na kumng'ang'ania mama yake shingoni. Siku ya kwanza kakojoa kwenye kapeti mbele ya wageni. Ya pili, kochi. Wifi mtu akasema kwa sauti, "Watoto wa Dar wanalelewa na simu." Mume kimya, anageuza nyama jikoni. (Huyu mume ana kesi yake, tuiache.)

Kojo lilikuwa dogo. Balaa ni kwamba siku tatu mtoto hakupata choo kabisa. Akibanwa anajificha nyuma ya pazia, anakaza miguu, jasho linamtoka, kisha anaghairi. Watoto wa umri huo wakiogopa mahali wanajibana, choo kinakuwa kigumu, kikiwa kigumu kinauma, na wakikumbuka maumivu ndiyo wanazidi kujibana. Usiku wa tatu tumbo limekaza, chakula hataki, mama analia chumbani taratibu asisikike.

Mama mkwe akasikia. Hakuuliza kitu. Asubuhi akamlisha mjukuu papai na parachichi la kuponda, akawa anampa maji kidogo kidogo. Mchana akatoka naye uani penye jua, akatandika jani la mgomba chini, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu na kuiachanisha kidogo, akamkalisha mtoto juu yake wakitazamana. Akaanza kumhadithia habari za kuku wanaopita. Mguno mmoja, machozi mawili, kazi ikaisha. Bibi akalikunja lile jani kama hakuna kilichotokea.

"Na baba yake nilimfundishia hapa hapa, mwanangu," akamwambia mkwewe. "Tena yeye alichelewa kuliko huyu."

Wifi alikuwepo. Mume naye alikuwepo.

Wamerudi Dar, na poti la njano mtoto analipita kama halioni. Anataka miguu. Kwa hiyo kila asubuhi mama anageuza ndoo bafuni, anakaa, ananyoosha miguu. Migomba Tabata ataitoa wapi, anatandika gazeti.