Mlio Niliounyamazisha

Ulikuwa usiku wa Jumapili, tarehe 28 Aprili 2024. Wanachama wenzangu, bila shaka mnayakumbuka majira hayo. Mvua ilikuwa ikimwagika nchi nzima, barabara zimegeuka mito, na shule zilizokuwa zifunguliwe kesho yake zikaahirishwa, tukarudi tarehe 13 Mei. Pale kwetu Nakuru stima zilikuwa zimepotea na kurudi mara nne siku hiyo. Mimi nilikuwa nimelala sebuleni kwa sababu chumba changu kilikuwa kinavuja. Saa nne usiku hivi, stima ziliporudi mara ya nne, kitu kikaanza kulia: pii, pii, pii.

Kilikuwa kisanduku cha Baba. Baba ni mpiga picha wa harusi na sherehe nyinginezo, na kisanduku hicho cheusi, kisichozidi redio ya zamani kwa ukubwa, ndicho ghala lake. Ndani mna diski nne, kila moja ya terabaiti 4. Humo mna picha zake zote tangu mwaka wa 2011. Humo pia mna sauti ya nyanya, mama yake Baba, aliyetutoka mwaka wa 2021. Baba alimrekodi mwaka wa 2018 akitutolea ngano jikoni, kuni zikialika. Hatuna rekodi nyingine.

Nikaamka nikipapasa. Taa moja kati ya nne ilikuwa nyekundu. Nyuma palikuwa na kitufe kidogo, nikakibonyeza, pakawa kimya kama maji mtungini. Asubuhi picha zilifunguka kama kawaida, nami sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba kama kingekuwa kimeharibika, kisingefanya kazi. Hoja hiyo niliiona ya maana sana wakati huo.

Ili mwelewe kosa langu lilikuwa la namna gani, sina budi kueleza diski hizo zinavyosaidiana. Mpango wenyewe huitwa RAID, jina lililotokana na makala ya mwaka wa 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Una aina kadhaa. Wa Baba ulikuwa hivi. Tuseme diski tatu zimeandika namba 4, 7 na 2. Ya nne huandika jumla, yaani 13. Ikifa ile yenye 7, chukua 13, utoe 4 na 2, umeipata 7 yako. Hesabu ya kweli si ya kujumlisha bali ni ya biti, 0 na 1, na diski hupokezana zamu ya kuandika hiyo jumla, lakini maana ni ile ile. Basi zikifa mbili? Hapo una mlinganyo mmoja wenye vitu viwili visivyojulikana, na hata mwalimu wetu wa hisabati atakuonea huruma tu.

Kwa hiyo kuanzia Aprili hadi Agosti kisanduku kilikuwa kikifanya hesabu hiyo kila Baba alipofungua picha, kikichechemea kwa miguu mitatu. Na aliyejua ni mimi peke yangu.

Siku ya Jumatano, tarehe 7 Agosti, tukiwa likizoni, nilisikia Baba akiita kutoka mezani kwake: "Nani amegusa kompyuta yangu?" (Tarakilishi, kama mwalimu mlezi anavyosisitiza, lakini nyumbani tunasema kompyuta.) Mafaili yote yalikuwa yametoweka. Taa mbili zilikuwa nyekundu. Moyo wangu ulinipiga kama ngoma.

Ushauri ulimiminika. Fundi mmoja wa mjini alimwambia Baba kwa simu abonyeze pale palipoandikwa "anza upya", eti kisanduku kitajitengeneza. Jirani akaapa kwamba diski ikigandishwa kwenye friza usiku kucha hufufuka, na Mama alikuwa ameshaanza kutoa nyama. Kilichotuokoa ni simu ya binamu yangu, mwana wa shangazi, ambaye anasomea mambo hayo chuoni Nairobi. Mimi humwita dada. Nilimsikia akimwambia Baba kwa sauti ya juu, "Mjomba, zima! Usibonyeze kitu chochote. Ukianza upya inaandika juu ya hizo picha, na hapo hata mimi sitaweza." Nyama ikarudishwa kwenye friza.

Alifika Ijumaa kwa matatu. Jambo la kwanza alilofanya halikuhitaji ujuzi wowote: alikata vipande vya karatasi ya kunata, akaandika A, B, C na D, akazibandika diski kwa mpangilio zilivyokaa. Kisha akaziunganisha na kompyuta yake moja baada ya nyingine. B ilikuwa ikikwaruza vibaya. C na D zilikuwa nzima. La ajabu, A nayo ilisomeka vizuri kabisa! Yaonekana kukatika kwa stima ndiko kulikoifanya itolewe kundini. Baba alifurahi mno. "Basi hii ni nzima! Iweke pamoja na C na D, tumalize."

Dada akatikisa kichwa. Kila diski huweka kumbukumbu ya mara ya mwisho ilipoandikwa ikiwa na wenzake. Akasoma kutoka kwenye kioo. "C na D zinasema tarehe 7 Agosti. B vilevile. A..." Akanyamaza kidogo. "A inasema tarehe 28 Aprili, saa nne na dakika kumi na mbili usiku. Mjomba, hii haikutoka wiki hii. Ina zaidi ya miezi mitatu."

"Lakini kisanduku hulia diski ikitoka," Baba akasema. "Mbona hatukusikia?"

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyenishuku. Lakini ile saa, na ile dakika! Ilikuwa kana kwamba kuna mtu aliyekuwa amekaa sebuleni usiku ule na saa mkononi. Nikasema, "Ni mimi. Kililia nikakizima."

Baba hakunipiga wala hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha, kisha akamwuliza binamu yangu tufanye nini sasa. Afadhali angenigombeza.

Dada alitueleza kwamba A ni kama mwanafunzi aliyelala darasani tangu Aprili. Ukimwamsha umwambie aendeleze hesabu iliyo ubaoni, atajibu kwa ujasiri mkubwa, lakini majibu yake ni ya Aprili. Tumaini letu lilikuwa B, ile mgonjwa. Baba akanunua diski mbili kwa pesa alizokuwa amewekea lenzi: moja ya terabaiti 4 ya kunakili B, nyingine ya 8 ya kuhamishia mafaili.

Kunakili kulifanywa na programu ya bure iitwayo ddrescue. Ujanja wake ni huu: haing'ang'anii mahali pabovu. Hupita kwanza ikichukua palipo pazuri, iweke alama palipokataa, ndipo irudi kujaribu tena polepole, kwa maana diski mgonjwa yaweza kukata roho wakati wowote. Alama hizo huziandika katika faili lake, hivi kwamba hata ikikatizwa huendelea ilipoachia. Nasi tulikatiziwa! Stima zilipotea mara mbili. Diski nzima ya ukubwa huo ingechukua saa nane hivi. B ilichukua siku tatu. Nililala pale pale sebuleni nikiilinda, bila kuambiwa na mtu.

Mwishowe zilibaki megabaiti 11 tu zilizokataa katakata. Dada aliunganisha nakala ya B pamoja na C na D, kwa kusoma tu bila ruhusa ya kuandika, na mafaili yakarudi. Mama alipiga vigelegele. Baba alifungua kwanza rekodi ya nyanya, si picha za wateja. Sauti ile ikajaa chumbani: fisi anamwendea sungura, sungura anajifanya mgonjwa... kisha kimya. Sekunde tatu hivi. Kisha nyanya akaendelea, sungura ameshakimbia. Shimo la B lilikuwa limeangukia hapo.

Nilidhani ndiyo basi. Lakini dada alikaa akiifikiria ile A. "Rekodi hii ni ya 2018," akasema. "Haijaguswa tangu hapo. A ilipolala ilikuwa tayari inaijua." Akaziunganisha A, C na D, B ikiwa nje. Aliziwekea kinga, hivi kwamba chochote kinachoandikwa kinaenda kwenye faili la pembeni na diski zenyewe haziguswi. Mafaili ya Mei hadi Julai yalitoka takataka tupu. Ya 2018 yalitoka mazima. Tukasikiliza tena. Kumbe katika zile sekunde tatu hapakuwa na ngano. Nyanya alikohoa, kisha akasema, "Ebu sukuma hiyo kuni, wewe." Wewe huyo ni mimi.

Siku hizi Baba ana nakala nyingine ya mafaili yote, iko kwa shangazi Njoro, na mimi ndiye ninayeipeleka na kuileta kila likizo.

Harusi moja ya Julai ndiyo iliyobaki na majeraha, kwa kuwa A haikuwahi kuiona Julai, na kadi za kamera zilikuwa zimeshafutwa. Picha nne zilikuwa za kijivu kuanzia katikati kwenda chini. Baba alinipeleka hadi nyumbani kwa yule bibi harusi, kisha akabaki ndani ya gari. "Nenda umweleze," akasema.

Nilimweleza yote, kuanzia mvua. Alizitazama picha zile kwa muda. Katika moja babu yake alikuwa akiwabariki. Uso ulikuwepo, mikono haikuwepo. "Hii nichapishieni hivi hivi," akasema. "Hizo tatu mtanirudishia pesa."

Zilikuwa shilingi elfu mbili. Zilitoka katika matumizi yangu ya muhula wa tatu.