Iten: Mabingwa wanasonga ugali, wewe unanunua mkate wa majuu

WASHIKAJI wa mjini siku hizi wamepata msamiati mpya. Mtu kaanza kukimbia majuzi tu, Jumamosi asubuhi pale Coco Beach na raba mpya miguuni, wiki ya pili anakwambia eti kaacha gluteni. Muulize gluteni ndiyo nini, anababaika. Ila mkate usio na hiyo kitu anao, kaununua supamaketi kwa bei ya kuku mzima, na ukiutafuna utadhani umekula boksi. Anasema ndivyo wanavyokula wakimbiaji wa mbio ndefu.

Wakimbiaji gani hao? Basi wiki hii twende kwao wenyewe tukachungulie jikoni. Twende Iten, Kenya.

Kutoka Dar si mchezo. Ni basi mpaka Nairobi kupitia Arusha na Namanga, unalala, kesho yake unakamata gari la Eldoret, kilomita 300 na ushee. Pale Eldoret unaingia kwenye matatu na kupanda, unapanda tu, mpaka unakuta lango juu ya barabara linalokukaribisha nyumbani kwa mabingwa. Upo mita kama 2,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa nyepesi, baridi ya alfajiri inauma masikio, na ukibeba begi lako hatua mia unahema kama uliyefukuzwa na polisi. Pembeni ardhi inakatika ghafla, unaliona Bonde la Kerio chini kabisa, mandhari bomba mno.

Mji wenyewe ni mdogo. Maduka, masoko, vumbi jekundu, na watu wanaokimbia. Alfajiri utawaona makundi kwa makundi, kimya, viatu tu vinapiga chini. Ndipo ilipo sekondari ya St Patrick's, ambako Mwairishi Colm O'Connell alifika mwaka 1976 kufundisha darasani akajikuta anafundisha riadha. Kwake alipita Peter Rono, aliyechukua dhahabu ya mita 1,500 kule Seoul mwaka 1988. David Rudisha naye alikuwa kijana wake, yule aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London mwaka 2012.

Sasa njoo mezani. Mchana ni ugali wa mahindi, mlima mzima, na sukuma wiki au kabichi, maharage, siku nyingine nyama kidogo. Pembeni maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, wenyewe wanayaita mursik. Viazi vya kuchemsha, wali, uji. Chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Ukiipiga hesabu sahani hiyo, gluteni haimo kabisa, na hakuna aliyeitoa. Haikuwahi kuwemo. Maana gluteni ni protini iliyoko kwenye ngano, shayiri na rai, ile inayofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Mahindi hayana, mchele hauna, wala ulezi, mtama, muhogo, ndizi na viazi.

Hapo mshikaji wa Coco Beach atashangilia. Unaona! Ngoja kwanza. Asubuhi baada ya mazoezi, hao hao mabingwa wanakunywa chai na mkate. Mkate wa ngano, slesi nene. Chapati zipo, maandazi yapo. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu wakimbiaji 10 wa Kikalenjin, watu wa daraja la juu, waliopimiwa chakula kwa siku 7. Asilimia 76.5 ya nguvu waliyokula ilitoka kwenye wanga. Mkate ulikuwemo humo pamoja na ugali, wali na viazi. Kilichoonekana hapo ni wanga mwingi na mafuta kidogo. Woga wa ngano haukuwepo.

Na usinipeleke Ethiopia ukidhani utapona. Ni kweli injera inatengenezwa kwa teff, nafaka isiyo na gluteni. Lakini Bekoji, mji aliotoka Derartu Tulu na Kenenisa Bekele, uko Arsi, na Arsi ni nchi ya ngano na shayiri. Unga wa shayiri iliyokaangwa, beso, ni chakula cha nguvu cha wakimbiaji wa huko miaka nenda rudi. Gluteni tupu, na medali wanazo.

Habari hizi za kuacha zilitoka wapi basi? Zilipata kasi majuu, kwa wapanda baiskeli, halafu Novak Djokovic wa tenisi akaongeza moto: aliacha gluteni, mwaka 2011 akabeba mataji matatu makubwa, na 2013 akaandika kitabu. Nani asingeiga? Ila mwaka 2015 watafiti wa Tasmania, Australia, waliwachukua wapanda baiskeli 13 wa mashindano, wote hawana ugonjwa wa gluteni, wakawalisha wiki moja yenye gluteni na wiki moja isiyo nayo bila wenyewe kujua ipi ni ipi. Mbio zao hazikubadilika. Matumbo yao vilevile.

Kwamba wengine wanajisikia wepesi wakiacha, sikatai. Ukiacha gluteni umeacha keki, biskuti, sambusa na bia kwa mpigo, lazima ujisikie. Pia ngano ina aina ya sukari inayowajaza gesi baadhi ya watu, na tumbo la mkimbiaji halitaki utani: ukikimbia saa mbili damu imekimbilia miguuni, utumbo umebaki na kidogo.

Lakini kuna watu ambao kwao hili si fasheni. Upo ugonjwa unaitwa seliaki, unaowapata watu takriban 1 katika 100 duniani. Mwenye nao akila ngano, kinga yake ya mwili inashambulia utumbo mwembamba wake mwenyewe. Vile vinyweleo vya kufyonza chakula vinalala. Madini ya chuma hayaingii, damu inapungua, mifupa inadhoofika. Kwa mkimbiaji dalili yake yaweza kuwa uchovu tu usioisha, anafanya mazoezi na muda wake unazidi kuwa mbovu, kocha anamwita mvivu. Mwingine tumbo halimuumi hata siku moja. Dawa ni kuacha gluteni maisha yote, hata chembe.

Hapa ndipo mtindo wa kijiweni unapoleta hatari. Kipimo cha damu kinatafuta askari ambao mwili wa mwenye seliaki unawatengeneza anapokula gluteni. Ukiacha mwenyewe miezi kadhaa halafu ndiyo uende hospitali, kipimo kinaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Kwa hiyo ukijihisi, endelea na chapati zako, kapime kwanza.

Mwenye seliaki akienda Iten atakula vizuri kuliko London, ila macho yawe wazi. Mwiko uliogeuzia chapati usiguse viazi vyake. Mafuta yaliyokaanga maandazi yasikaange chipsi zake. Unga wa uji wa lishe mara nyingi huchanganywa nafaka kadhaa, ngano ikiwemo, aulize. Huku kwetu mtego ni ule ule kwa mama ntilie, na hata vitumbua, ambavyo kwa haki yake ni mchele, wapo wanaoongeza unga wa ngano kidogo.

Ukifika jikoni kwa watu usiseme gluteni, utaonekana umetoka kuloga. Sema hivi: "Mama, mimi ngano na shayiri zinanidhuru, hata kidogo." Mama wa Iten atakuelewa palepale, atakuonyesha sufuria ya ugali, na atakachokuuliza ni kama chai unataka ya maziwa au ya rangi.